Nyumba za vyumba vya kushirikiana England: maswali tunayoulizwa kuhusu kibali, leseni na majirani

Majibu haya ni ya Waswahili tunaoishi England, hasa watu wa aina tatu ambao mara nyingi hupishana mlangoni bila kusalimiana: aliyepanga chumba, aliyenunua nyumba akataka kuipangisha chumba kwa chumba, na jirani anayeona nyumba ya familia ikigeuzwa. Mimi nilikuwa wa kwanza kwa miaka minne. Sasa ni wa tatu. Nimeona watu wengi, wapangaji na majirani pia, wakinyamaza wakati walikuwa na haki ya kusema, na wengine wakisema maneno mengi ambayo ofisa hawezi kuyatumia. Yote mawili yananiuma.

HMO ni nini hasa?

HMO ni kifupi cha "House in Multiple Occupation": nyumba inayokaliwa na watu 3 au zaidi wasio wa kaya moja, wanaotumia pamoja jiko, bafu au choo. Ndivyo inavyosema Sheria ya Nyumba ya 2004. Aliyekulia Manzese au Magomeni anaijua bila kufundishwa: korido katikati, vyumba kulia na kushoto, choo na bafu uani, kila mlango na pazia lake.

Tofauti ni kwamba nyumba yetu ya Kiswahili ilijengwa hivyo tangu msingi. Nyumba ya mstari ya Kiingereza ilijengwa kwa familia moja. Ina sebule mbili chini, vyumba viwili au vitatu juu, ngazi nyembamba, na ukuta unaochangia na jirani. Sebule ikigeuzwa chumba cha kulala na dari ikigeuzwa vyumba viwili, watu wanaongezeka lakini ukuta ni uleule na barabara ni ileile. Ndipo mipango miji inapoingia.

Tunaishi ndugu tupu, watu sita. Na sisi ni HMO?

Inategemea "ndugu" ni nani, na hapa Kiswahili chetu kinaweza kukuponza. Sheria inawahesabu kuwa kaya moja wanandoa au wanaoishi kama wanandoa, wazazi, watoto, babu na bibi, wajukuu, kaka, dada, wajomba, mashangazi, wapwa na mabinamu. Mtoto wa kambo ni mtoto, na ndugu wa baba mmoja mama tofauti ni ndugu kamili. Mama mdogo na baba mkubwa wamo. Mtoto wa mama mdogo, ambaye wewe unamwita kaka, kwao ni binamu, na binamu yumo. Hata mashemeji wamo, kwa sababu jamaa za mke na jamaa za mume huunganishwa na ile ndoa.

Wasiohesabiwa ni wale tunaowaita ndugu kwa upendo: wa kijiji kimoja, wa kanisa au msikiti mmoja, rafiki uliyesoma naye Tabora.

Chukua nyumba moja ya kupanga: mume, mke, mdogo wake mume, na mtoto wa shangazi yake mke. Watu wanne, kaya moja, hakuna HMO. Sasa apokelewe rafiki mmoja aliyetoka kushuka Heathrow, alale chumba cha mbele "mpaka apate pake". Wamekuwa watano wa kaya mbili. Ikiwa ndiyo makazi yake, nyumba hiyo ni HMO, na kwa kuwa ni watu 5, inahitaji leseni ya lazima. Hakuna aliyekusudia kuvunja sheria, walikusudia kumsitiri mwenzao. Ndiyo maana nasema mwulize mwenye nyumba kabla ya kumpokea mtu, hata kama moyo unakusukuma kufungua mlango kwanza.

Nina nyumba yangu mwenyewe, ninaishi humo. Naweza kupangisha chumba?

Ndiyo. Mwenye nyumba anayeishi na familia yake akipokea wapangaji wasiozidi 2, nyumba haiwi HMO. Akiingia wa tatu, mambo yanabadilika. Kama una mkopo wa nyumba, angalia pia masharti ya benki yako.

Mbona mtaa wetu kibali kinahitajika, na kwa rafiki yangu mji mwingine hakihitajiki?

Mipango miji ya England hugawa majengo kwa madaraja ya matumizi. Nyumba ya familia ni C3. HMO ndogo, ya watu 3 hadi 6, ni C4, daraja lililoanzishwa Aprili 2010. Awali kutoka C3 kwenda C4 kulihitaji kibali kila mahali. Serikali ikabadilika mwaka uleule, na kuanzia tarehe 1 Oktoba 2010 mabadiliko hayo yakaruhusiwa nchi nzima bila kuomba.

Lakini halmashauri ziliachiwa njia moja, Agizo la Kifungu cha 4 (kwa Kiingereza "Article 4 Direction"). Halmashauri inaweza kutangaza kwamba katika eneo fulani, au mji mzima, ruhusa hiyo ya jumla imeondolewa na kila anayetaka HMO ndogo lazima aombe. Kwa kawaida hutangaza mwaka mzima kabla, kwa sababu ikiondoa ruhusa ghafla inaweza kudaiwa fidia na wenye nyumba.

Manchester ilianza Oktoba 2011, Leeds na Oxford Februari 2012. Birmingham iliweka agizo la mji mzima Juni 2020, na Brighton vilevile mwezi huohuo. Chanzo kikubwa kilikuwa mitaa ya wanafunzi, kama Headingley kule Leeds na Selly Oak kule Birmingham, ambako familia zilihama mtaa kwa mtaa hadi Agosti barabara zikawa tupu na Septemba magodoro yakajaa kando ya njia.

Kumbuka jambo moja: HMO ya watu zaidi ya 6 haiko C4 kabisa. Hiyo haina daraja, na kuigeuza nyumba ya familia kuwa ya watu 7 au 8 kwa kawaida huhitaji kibali popote ulipo, pawe na Agizo au pasiwepo.

Mwenye nyumba ana leseni. Si ndiyo kibali hichohicho?

Hapana. Hili ndilo kosa ninalokutana nalo kuliko yote.

Leseni inahusu hali ya ndani na uendeshaji: milango ya kuzuia moto, ving'ora vya moshi, ukubwa wa vyumba, kama msimamizi anafaa. Kibali cha mipango kinahusu kama nyumba hiyo, mahali hapo, inafaa kutumika hivyo. Idara mbili, sheria mbili. Nyumba inaweza kuwa na leseni bila kibali, au kibali bila leseni.

Leseni ya lazima inaihusu HMO ya watu 5 au zaidi. Hadi 2018 iligusa nyumba za ghorofa tatu na kuendelea tu, lakini tangu tarehe 1 Oktoba 2018 idadi ya ghorofa haiangaliwi. Halmashauri nyingi zimeongeza mpango wao wa leseni kwa nyumba za watu 3 au 4, kwa hiyo usidhani kwamba mkiwa wachache mko nje.

Chumba changu ni kidogo sana. Kuna kipimo?

Kwa HMO yenye leseni, chumba cha kulala cha mtu mmoja mwenye zaidi ya miaka 10 kisipungue mita za mraba 6.51, na cha watu wawili 10.22. Chumba cha futi kumi kwa kumi tulichozoea Dar ni karibu mita za mraba 9.3. Maana yake chumba ambacho nyumbani mume na mke wangeanzia maisha, hapa kinaruhusiwa kulala mtu mmoja tu. Hivyo ni viwango vya chini kabisa, na halmashauri inaweza kudai zaidi. Sehemu ya dari iliyoinama chini ya mita 1.5 haihesabiwi, kwa hiyo mwenye chumba cha darini apime akiwa makini.

Kuna karatasi imefungwa kwenye nguzo ya taa mtaani. Nifanye nini?

Isome yote. Ina anwani ya nyumba, namba ya maombi, maelezo mafupi ("kubadili matumizi kutoka C3 kwenda C4") na tarehe ya mwisho ya maoni. Halmashauri hutoa siku 21, ama kwa karatasi hiyo ama kwa barua kwa majirani. Iwapo barua ilitupwa pamoja na vipeperushi vya piza, karatasi ya nguzoni inaweza kuwa ndiyo habari pekee utakayopata.

Ukifika nyumbani, andika namba ya maombi kwenye tovuti ya halmashauri. Utakuta ramani, michoro ya kila ghorofa na barua za wengine. Tazama michoro kwa utulivu. Hesabu vitanda. Jiko liko wapi, na linaweza kukaliwa na watu wangapi kwa wakati mmoja? Chumba kipi kinapakana na ukuta wa jirani? Mapipa yatakaa wapi? Baiskeli?

Kisha andika, ukikubali au ukipinga. Barua yako itawekwa wazi na jina na anwani yako kwa kawaida zitaonekana, kwa hiyo andika kama mtu anayejua kwamba jirani ataisoma, kwa sababu ataisoma.

Tuseme mtu ameandika: "Hatutaki HMO hapa, zinaharibu mtaa." Ofisa hana la kufanya na sentensi hiyo. Mwingine ameandika: "Uwanja wa mbele una upana wa mita moja na nusu. Nyumba namba fulani, ambayo tayari ni HMO, ina mapipa manne na mawili hukaa kwenye njia ya miguu siku zote. Jumatatu mama mwenye gari la mtoto hulazimika kushuka barabarani. Michoro haionyeshi mahali pa mapipa ya watu sita." Huyo amempa ofisa kitu cha kushika. Pengine nyumba itakataliwa. Pengine itaruhusiwa kwa sharti kwamba sehemu ya mapipa ijengwe nyuma kabla ya mtu yeyote kuhamia. Kwangu hayo yote mawili ni mafanikio.

Barua hamsini zilizonakiliwa neno kwa neno hazipati uzito wa barua tano ambazo kila moja imeandikwa na aliyetazama.

Hoja zipi zinasikilizwa, na zipi hazisikilizwi?

Zinazosikilizwa: kelele kupitia ukuta wa pamoja, maegesho, taka, faragha ya jirani, ubora wa maisha ya watakaokaa humo (mwanga, hewa, nafasi), kupungua kwa nyumba za familia, na wingi wa HMO zilizopo tayari.

Zisizosikilizwa: bei ya nyumba yako kushuka, ugomvi wako na mwenye nyumba, kwamba yeye anatafuta faida. Na zaidi ya yote, ni akina nani watakaoishi humo. Wawe wanafunzi, wauguzi wa zamu ya usiku, wakimbizi au Waswahili, kibali kinatolewa kwa matumizi ya jengo. Hofu ya uhalifu isiyo na ushahidi haibebi uzito, na maneno ya ubaguzi halmashauri huyaondoa.

Nalisisitiza hili kwa sababu tumekaa pande zote mbili. Nimesoma barua za majirani zilizowahukumu wapangaji ambao hawajafika bado. Na nimewasikia Waswahili wenzangu, wakishanunua nyumba, wakitumia maneno yaleyale juu ya wageni waliokuja baada yao. Ukiwa na malalamiko ya kweli juu ya mapipa, sema mapipa.

Asilimia 10 inayotajwa kila mara ni ya nini?

Ni kikomo ambacho halmashauri hujiwekea ili HMO zisijae mahali pamoja. Birmingham, kwa mfano, huangalia nyumba zilizo ndani ya mita 100 kuzunguka nyumba inayoombewa, na haitaki HMO zizidi asilimia 10. Portsmouth hutumia asilimia 10 pia, lakini ndani ya mita 50. Kila mji una kanda yake ya kupimia.

Birmingham pia huangalia kama nyumba ya familia itabanwa katikati ya HMO mbili. Ukiishi katikati hivyo, taja namba za nyumba hizo. Orodha ya leseni iko wazi kwa umma, lakini HMO zisizo na leseni hazimo, na hesabu ya ofisa huanzia kwenye kumbukumbu. Jirani anayejua kwamba namba fulani ina kengele sita mlangoni anaweza kubadilisha hesabu hiyo.

Mimi ni mpangaji tu, tena wa muda. Nina haki gani ya kusema?

Haki ileile ya mwenye nyumba wa jirani. Hakuna anayeuliza kama umenunua, wala uraia wako.

Nyumba niliyokaa mimi tulikuwa saba. Sebule ilikuwa imegawanywa kwa ubao wa jasi, mwenzangu akikohoa upande wa pili nilijua ameamka. Jiko lilikuwa na majiko ya plagi mawili, na rafu ya friji ya kila mtu ilikuwa na utepe wenye jina. Aliyetoka kazini saa nne usiku alipika ugali wake akiwa amesimama gizani ili asiwashe taa iliyomulika chumba cha mlangoni. Tulijua kwamba kibali kinaombwa baada ya kuiona karatasi nguzoni, tukitoka kwenda kazini. Sisi tuliokuwa tunaishi humo hatukuambiwa. Na hakuna hata mmoja wetu aliyeandika, kwa kuwa tulidhani ile ni shughuli ya wenye mji.

Laiti tungeandika. Ofisa alikuwa na mchoro unaosema "sebule ya pamoja", mahali ambapo alilala mtu.

Ujenzi umeanza kabla kibali hakijatoka. Inaruhusiwa?

Sehemu fulani, huenda ndiyo. Mwenye nyumba ya mstari anaweza kuongeza dari hadi mita za ujazo 40 bila kibali, akifuata masharti, na upanuzi wa nyuma pia una ruhusa yake. Kwa hiyo kuona mafundi hakuthibitishi kosa. Ukihisi kosa, piga picha ukiwa nje, andika tarehe, kisha peleka kwa kitengo cha halmashauri kinachosimamia ukiukwaji wa mipango.

Nani anaamua, na kwa muda gani?

Mara nyingi ofisa mipango peke yake, ndani ya wiki 8. Maombi yakiwa na mvutano, diwani wa kata anaweza kuomba yapelekwe kwenye kamati ya madiwani. Mwandikie mapema, maana nafasi hiyo ina tarehe yake. Kwenye kamati mwananchi anaweza kuruhusiwa kuzungumza dakika chache. Andaa hoja mbili, siyo kumi.

Wamekataa. Wamekubali. Nani anaweza kukata rufaa?

Mwombaji akikataliwa ana miezi 6 kwa kawaida kukata rufaa kwa wakaguzi wa mipango wa serikali kuu, na mkaguzi anaweza kutengua uamuzi wa halmashauri. Barua yako ya awali hupelekwa kwake, sababu nyingine ya kuiandika vizuri.

Jirani asiyeridhika na kibali hana rufaa. Linalobaki ni mahakama kupitia uhalali wa uamuzi, ndani ya wiki 6, kwa gharama kubwa, na mahakama haiulizi kama uamuzi ni mzuri bali kama ulifuata sheria. Nafasi yako halisi ni zile siku 21.

Nyumba imekuwa HMO miaka mingi bila kibali. Bado ni kosa?

Kama ilikuwa HMO ndogo kabla Agizo halijaanza kutumika na imeendelea hivyo, iko halali. Vinginevyo, halmashauri ina miaka 10 ya kuchukua hatua. Mwenye nyumba anayetaka uhakika huomba cheti cha uhalali wa matumizi, akileta mikataba ya zamani na taarifa za benki. Usikubali kutia saini kwamba uliishi humo miaka ambayo hukuwepo, hata kwa ahadi ya kupunguziwa kodi.

Nikiripoti, nitafukuzwa?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini kila mara, na nalielewa.

Kukosa kibali peke yake si jinai. Jinai huja mwenye nyumba anapokaidi ilani ya halmashauri. Ilani hiyo haianzi kufanya kazi kabla ya siku 28, hutoa muda wa kutekeleza, na rufaa huisimamisha. Hakuna anayekuja kukutoa na begi lako usiku. Mwenye nyumba naye, kwa sheria ya 1977 ya kuwalinda wapangaji, hawezi kubadilisha kitasa na kukuacha nje. Lakini sitakuficha: mwisho wa safari, nyumba ikiamriwa kurudi kuwa ya familia moja, baadhi yenu mtahama. Zungumzeni ninyi wapangaji kwanza.

Kukosa leseni ni jambo jingine. Hiyo ni jinai tangu mwanzo, na mpangaji anaweza kuomba baraza la nyumba liamuru arudishiwe kodi aliyolipa. Sheria ya Haki za Wapangaji ya 2025 imepandisha kikomo kutoka kodi ya miezi 12 hadi miezi 24. Kukosa kibali cha mipango pekee hakukupi haki hiyo, ndiyo maana lazima ujue ni kipi kinakosekana. Mashirika ya Shelter na Citizens Advice hutoa ushauri bure. Tunza risiti, na kama unalipa taslimu, dai ujumbe wa simu unaothibitisha.

Kodi ya halmashauri ni juu ya nani?

Kwenye HMO, mwenye nyumba. Tangu tarehe 1 Desemba 2023, nyumba huhesabiwa kama moja, si kila chumba na bili yake.

Wales na Uskoti je?

Wales ina C4 yake tangu Februari 2016, na huko kubadili nyumba ya familia kuwa HMO ndogo kunahitaji kibali kila mahali. Uskoti kila HMO ya watu 3 au zaidi kutoka familia 3 au zaidi inahitaji leseni.

Nataka kununua nyumba niifanye HMO. Nianzie wapi?

Kabla hujalipa hata malipo ya mthamini, ingia tovuti ya halmashauri, tafuta Agizo la Kifungu cha 4 na ramani yake, kisha hesabu HMO zilizo karibu. Dalali akikwambia "hapa watu wote wanafanya", hiyo inaweza kuwa ndiyo sababu utakayokataliwa. Ukishapata picha hiyo, gonga mlango wa kulia na wa kushoto, jitambulishe, waonyeshe mchoro, uwaulize mapipa yao wanayaweka wapi.